Kocha wa taifa asiye na filimbi: Namna timu za taifa zinavyoongozwa katika kikapu cha mtandaoni

KWA mkazi wa Dodoma, habari za uchaguzi si ngeni. Mji ulioteuliwa mwaka 1973 kuwa makao makuu ya nchi, na kupewa hadhi ya jiji Aprili 26, 2018, ndio unaobeba Bunge, na kampeni, kura na hoja ni sehemu ya maisha yake ya kila siku. Hata hivyo, upo uchaguzi wa aina nyingine usiohitaji jukwaa wala kipaza sauti, ambao mtu aliye Kikuyu, Makole au Kizota anaweza kuufuatilia akiwa mbele ya kompyuta: uchaguzi wa kocha wa timu ya taifa ya mpira wa kikapu ambayo haina hata mchezaji mmoja wa nyama na damu.

Huo ni uchaguzi wa ndani ya michezo ya uigaji inayochezwa kwa njia ya intaneti. Katika michezo hiyo mshiriki hashiki mpira, hakimbii wala haruki. Kazi yake ni kuongoza: kusajili, kufundisha, kupanga kikosi na kuamua mbinu, kisha kuiachia programu ya kompyuta ichezeshe mechi. Mtindo huo ulianza kupata umaarufu kupitia soka, katika mchezo wa Hattrick ulioanzishwa Sweden mwaka 1997. Kwa upande wa kikapu, mchezo unaofahamika zaidi ni BuzzerBeater, ulioanza mwaka 2007, mwaka uleule Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanzishwa.

Makala haya yanaeleza namna timu ya taifa inavyoongozwa katika mchezo huo, ugumu wake ulipo, na kile ambacho mpenzi wa kikapu wa Afrika Mashariki anaweza kujifunza humo.

Klabu kwanza, taifa baadaye

Kila anayejiunga hupewa klabu moja katika ligi ya nchi yake. Ligi huwa na timu 16, na mechi huchezwa kwa dakika 48, yaani robo nne za dakika 12, kama ilivyo katika ligi ya NBA ya Marekani, tofauti na dakika 40 zinazotumiwa na Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Kikapu (FIBA).

Mchezaji hupimwa kwa stadi zake: kurusha mpira kutoka mbali, kulinda nje, kumiliki mpira, kupenya ngome, kupasi, kufunga karibu na kikapu, kulinda ndani, kudaka mipira inayorudi na kuzuia mitupo. Juu ya hizo kuna pumzi, mitupo huru na uzoefu. Aidha, kila mchezaji ana ukomo wa kipaji chake. Wapo wanaoweza kufika ngazi ya magwiji wa historia, na wapo ambao hata wakifundishwa vipi, wataishia kwenye benchi.

Mafunzo ndiyo moyo wa mchezo. Kila wiki mwenye klabu huchagua stadi ya kufundisha, na wanaofaidika ni wale waliocheza dakika za kutosha katika nafasi inayohusika. Kijana wa miaka 18 hujifunza haraka kuliko mwenye miaka 28. Mrefu huzishika upesi stadi za ndani, na mfupi huzishika upesi stadi za nje. Kwa hiyo kumtengeneza mchezaji mmoja wa kiwango cha kimataifa ni kazi ya misimu mingi. Mkulima wa zabibu wa Dodoma anauelewa mwenendo huo: mche haupandwi leo ukavunwa kesho, na tawi lisilokatwa kwa wakati wake huzaa majani matupu.

Kocha hupatikana kwa kura

Timu za taifa ni mbili kwa kila nchi: timu ya wakubwa na timu ya vijana wasiozidi miaka 21. Makocha wake hawateuliwi na waendeshaji wa mchezo. Huchaguliwa kwa kura na wenye klabu wa nchi husika. Mgombea huandika hoja zake, akaeleza ni wachezaji gani anaowategemea, ni mbinu gani atakazotumia na ni kwa namna gani atashirikiana na wenye klabu. Wapiga kura husoma, hupima, kisha huamua.

Akishinda, kocha huyo hukabidhiwa kikosi kitakachopambana katika mashindano ya bara na baadaye ya dunia. Hapo ndipo wengi hugundua kwamba walichokipigania ni kizito kuliko walivyodhani.

Mamlaka bila umiliki

Ugumu wenyewe uko hivi: kocha wa taifa hana mchezaji. Wachezaji wote anaowaita ni mali ya klabu, na klabu hizo zinaweza kuwa popote duniani. Mchezaji aliyeibuliwa katika nchi moja hubaki na uraia wake hata akiuzwa kwa klabu ya Hispania, Israel au Marekani. Anayeamua kama kijana huyo afundishwe ulinzi au mitupo ni mmiliki wake, si kocha wa taifa.

Kwa sababu hiyo, sehemu kubwa ya kazi ya kocha ni kuandika barua. Humwandikia mmiliki asiyemfahamu na kumwomba amfundishe mchezaji stadi ambayo taifa linaihitaji. Mmiliki naye ana hesabu zake. Mchezaji anavyozidi kuwa hodari ndivyo mshahara wake unavyopanda, na klabu ndogo inaweza kuelemewa na mshahara wa nyota mmoja. Senta mrefu aliyefundishwa stadi za ndani pekee huwa tegemeo la taifa lakini mzigo kwa klabu, na mara nyingi huuzwa kwa tajiri ambaye hana haja ya kuendelea kumfundisha.

Liko pia suala la hali ya mchezaji kimwili. Katika BuzzerBeater, mchezaji anayecheza dakika chache mno kwa wiki hupwaya, na anayechezeshwa kupita kiasi huchoka. Kiasi kinachofaa ni dakika zipatazo 60 hadi 70. Mmiliki anayetaka ubingwa wa ligi yake anaweza kumchezesha nyota wake bila kupumzika, na timu ya taifa ikampokea akiwa amechakaa. Kocha hana adhabu ya kumpa mmiliki huyo. Alicho nacho ni lugha ya heshima na uaminifu aliojijengea.

Hapa ndipo nchi yenye washiriki wachache inapoumia. Kila msimu klabu hupata vijana wapya wa miaka 18 na 19, hivyo nchi yenye klabu nyingi huibua vijana wengi na nchi yenye klabu chache huibua wachache. Kocha wa nchi kubwa anaweza kumpoteza kijana mmoja na asitikisike. Kocha wa nchi ndogo akimpoteza kijana wake bora kwa sababu mmiliki amechoka na kuacha mchezo, huenda pengo hilo likadumu kwa misimu kadhaa. Ndiyo maana makocha makini huweka daftari la kila kijana mwenye kipaji: umri, urefu, ukomo wake, mmiliki wake na mafunzo anayopata.

Mbinu za uwanjani

Kikosi kikishapatikana, kocha hupanga nani aanze, nani awe akiba, na timu icheze kwa mtindo gani. Mashambulizi yanaweza kuelekezwa ndani, kwa mabingwa warefu, au nje, kwa walenga shabaha. Mwendo unaweza kuwa wa kasi au wa subira. Ulinzi unaweza kuwa wa mtu kwa mtu, au wa kugawana maeneo kwa mfumo wa 2-3 unaoziba ndani au wa 3-2 unaowabana warushaji wa mbali.

Uamuzi mmoja huwatofautisha makocha wazoefu na wageni: kiasi cha nguvu kinachotumika katika kila mechi. Timu ina akiba ya hamasa. Kocha akiamuru wachezaji wajitume kwa uwezo wao wote, timu huongezeka makali kwa mechi hiyo, lakini akiba hupungua kwa mechi zinazofuata. Akiamuru wacheze kwa utulivu, anaweza kupoteza mechi ya leo na kujipatia nguvu ya kesho. Kocha anayetumia akiba yote katika hatua ya makundi huingia hatua ya mtoano mikono mitupu.

Mechi huendeshwa na kompyuta yenyewe kwa saa iliyopangwa. Kama kocha hakupanga kikosi mapema, hakuna wa kumlaumu.

Funzo kutoka viwanja halisi

Anayedhani mambo hayo ni ya kufikirika tu, atazame yaliyotokea katika ukanda huu. FIBA huiruhusu timu ya taifa kuwa na wachezaji 12, na miongoni mwao asizidi mmoja aliyepata uraia baada ya kutimiza miaka 16. Makocha wa kweli nao hawawamiliki wachezaji wao. Huwaomba kutoka klabu zilizotawanyika duniani.

Februari 2021, mjini Yaoundé, Kenya iliishangaza Angola, nchi yenye mataji mengi ya Afrika, kwa ushindi wa 74-73 uliotokana na mtupo wa mwisho wa Tylor Okari Ongwae muda ukiwa unayoyoma. Ushindi huo uliisaidia Kenya kurejea katika fainali za Afrika kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1993. Timu ilikuwa chini ya Liz Mills, raia wa Australia, ambaye katika fainali hizo zilizofanyika Kigali mwaka 2021 aliweka historia ya kuwa mwanamke wa kwanza kuwa kocha mkuu wa timu ya wanaume. Katika fainali hizohizo, Uganda iliifunga Nigeria 80-68 na kufika robo fainali.

Mfano mkubwa zaidi ni Sudan Kusini, taifa lililopata uhuru mwaka 2011. Chini ya uongozi wa Luol Deng, nyota wa zamani wa NBA, na kocha Royal Ivey, shirikisho lake liliwatafuta vijana wenye asili ya nchi hiyo waliokulia Australia, Marekani na kwingineko. Mwaka 2023 timu hiyo ilicheza Kombe la Dunia na kuwa bora kuliko timu zote za Afrika, ikapata nafasi ya Olimpiki. Julai 20, 2024, jijini London, ilishindwa na Marekani kwa pointi moja tu, 101-100, katika mechi ya kirafiki. Siku nane baadaye, katika Olimpiki ya Paris, iliifunga Puerto Rico 90-79.

Sudan Kusini haikuwa na ligi tajiri wala viwanja vya kisasa vya ndani. Ilichokuwa nacho ni orodha ya watu wake, na viongozi waliokuwa tayari kuwapigia simu mmoja baada ya mwingine. Hiyo ndiyo kazi ileile ya kocha wa mtandaoni mwenye daftari lake.

Tanzania nayo ina kumbukumbu yake. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam mwenye urefu wa mita 2.21, alichaguliwa wa pili kwa jumla katika uteuzi wa NBA wa mwaka 2009 na Memphis Grizzlies, akitokea Chuo Kikuu cha Connecticut. Matarajio yalikuwa makubwa kuliko yaliyopatikana, naye alicheza ligi hiyo kwa mara ya mwisho mwaka 2014. Urefu ni mwanzo tu. Kinachofuata ni miaka ya mafunzo na dakika za kucheza, kama mwigo wa kompyuta unavyoonesha.

Kinachohitajika

Mchezo wa aina hii hauhitaji kompyuta ya gharama wala mtandao wa kasi, kwa kuwa sehemu kubwa yake ni maandishi na takwimu. Kabla ya mkongo wa baharini wa SEACOM kuzinduliwa Dar es Salaam Julai 2009, mawasiliano ya intaneti nchini yalitegemea satelaiti, yakiwa ghali na ya taratibu. Leo simu ya kiganjani inatosha. Kujiunga ni bure, ingawa ipo ada ya hiari kwa anayetaka huduma za ziada.

Kanuni moja husimamiwa kwa ukali: mtu mmoja, akaunti moja. Anayefungua klabu kadhaa kwa majina ya bandia ili ajiuzie wachezaji au ajipigie kura hufukuzwa. Bila kanuni hiyo, uchaguzi wa kocha ungekuwa mchezo wa mwenye majina mengi.

Gharama halisi ni muda. Msimu mmoja huchukua miezi mitatu hivi, na matunda ya uamuzi wa leo huonekana baada ya misimu kadhaa. Mwanafunzi mwenye mitihani au mtumishi mwenye majukumu anapaswa kujiwekea saa maalumu, kwa maana kocha aliyechaguliwa akakaa kimya huwanyima nafasi wote waliompigia kura.

Kwa kijana anayecheza kikapu jioni katika viwanja vya Chinangali, mchezo huu hautamfundisha kuruka wala kulenga shabaha. Unaweza kumfundisha jambo ambalo timu zetu zimelihitaji kwa muda mrefu: kumtambua kijana mapema, kuandika habari zake, kuzungumza kwa heshima na klabu yake, na kusubiri. Nchi ndogo haiwezi kushindana kwa wingi wa wachezaji, bali inaweza kushindana kwa kutompoteza hata mmoja.