Jiko la makaa: Jinsi ya kuongoza hewa na joto bila kuhatarisha maisha

MVUA za masika zinaponyesha na Mto Tana kufurika, jiko lililozoea kukaa uani huingizwa ndani ya nyumba. Katika kijiji cha Ozi, eneobunge la Garsen, karibu na pale mto huo unapomwaga maji yake katika Bahari ya Hindi huko Kipini, mvua huandamana na adha nyingine: mbu, ambao huwafanya watu kufunga milango na madirisha mapema jioni.

Hapo ndipo hatari huanza. Jiko la makaa, liwe seredani ya chuma au lile lenye udongo ndani, huendeshwa kwa hewa. Anayejua kuiongoza hewa hiyo hupika vyema na kuokoa makaa; asiyejua huweza kuwadhuru watu wa nyumba nzima pasipo kuona hata chembe ya moshi.

Jinsi hewa inavyoendesha moto

Hewa iliyopata joto hupanda juu. Inapopanda kutoka kwenye makaa, huvuta hewa mpya kupitia kijilango kilicho chini ya jiko, ambako majivu hutolewa. Kijilango kikiwa wazi, makaa huwaka kwa nguvu. Kikifungwa nusu, moto hupungua.

Ndani ya makaa mna mambo mawili yanayotendeka. Chini, hewa safi hukutana na kaa la moto na kutoa kaboni dayoksaidi. Gesi hiyo inapopita katika makaa mekundu yaliyo juu, hugeuka kuwa kaboni monoksaidi, ambayo ni sumu. Ndimi za buluu zionekanazo juu ya makaa ni sumu hiyo ikiungua. Moto ukikosa hewa, au sufuria ikikaa juu ya makaa na kuziba nafasi yote, ndimi hizo huzimika na sumu hutoka bila kuungua.

Kwa hivyo, kijilango kinachopunguza joto ndicho hicho hicho kinachoweza kufanya sehemu kubwa zaidi ya makaa igeuke sumu. Jiko lililofifia si jiko lililo salama.

Kuongeza na kupunguza joto

Jiko liwashwe nje, au barazani iwapo mvua inanyesha, kwani makaa hutoa moshi na sumu nyingi yanapoanza kushika moto. Kijilango kiachwe wazi kabisa na makaa yasubiriwe hadi yote yawe mekundu. Makaa yaliyolowa yaanikwe kwanza. Mafuta ya taa au petroli yasimwagwe kamwe juu ya makaa yenye moto, kwa sababu mvuke wake hulipuka.

Rangi ya makaa humwelekeza mpishi. Wekundu uliokoza ni dalili ya joto la karibu nyuzi 700 za Selsiasi. Rangi ya machungwa huashiria nyuzi 900 au zaidi. Joto la kwanza latosha kwa maharagwe na mchuzi.

Kabla ya kuwasha, matundu ya sahani ya udongo yazibuliwe na majivu yaondolewe. Makaa yasirundikwe hadi kugusa sufuria, kwani rundo nene hutoa sumu zaidi na humaliza makaa bure.

Unapotaka kupunguza moto, ni heri kupunguza makaa kuliko kulinyima jiko hewa. Wapishi wa pwani wanaijua njia hii: wali unapokaribia kukauka, makaa kadhaa hutolewa kwa koleo na kupaliwa juu ya kifuniko cha sufuria.

Jiko lenye udongo ndani lilianza kusambazwa nchini Kenya mapema katika miaka ya 1980. Lilitokana na jiko la ndoo la Thailand na likaendelezwa na mafundi wa humu nchini, wakiwemo wale wa Shauri Moyo jijini Nairobi. Udongo wake huhifadhi joto na hivyo makaa hutumika kidogo. Hata hivyo, halizuii sumu kutoka.

Mahali pa kuliweka

Jiko likae juu ya udongo mtupu au mawe, mbali na mkeka, chandarua na ukuta wa makuti. Upepo wa kusi au wa kaskazi unapovuma, kijilango kielekezwe kwenye upepo wakati wa kuwasha, kisha kigeuzwe upande moto ukishika, ili cheche zisiruke hadi mapaani.

Jiko la ndani lahitaji nafasi mbili za hewa: moja chini, ya kuingiza hewa safi, na nyingine juu ukutani, ya kutoa hewa ya moto. Hata chumba chenye nafasi hizo hakifai kulalwa jiko likiwa linawaka. Liondolewe kabla ya watu kulala, hata kama makaa yanaonekana yamekufa, kwani kaa lililofunikwa na jivu huendelea kutoa sumu kwa saa nyingi.

Makaa yazimwe nje kwa kufunikwa na mchanga. Maji hupasua udongo wa jiko, na mvuke wake huunguza.

Dalili zinazofanana na malaria

Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na hivyo kuunyima mwili hewa. Dalili zake ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu na usingizi usio wa kawaida.

Mahali ambapo malaria imezoeleka, ni rahisi dalili hizo kudhaniwa kuwa homa. Tofauti ni hii: sumu kwa kawaida haileti joto mwilini, huwapata watu kadhaa wa nyumba moja kwa wakati mmoja, na nafuu huanza kuonekana mtu atokapo nje. Wajawazito, watoto wachanga na wagonjwa wa moyo huathirika zaidi.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa moshi na gesi za mapishi majumbani zilichangia vifo milioni 3.2 ulimwenguni mwaka 2020.

La kufanya

Aliyeathirika atolewe nje mara moja, milango na madirisha yafunguliwe, na jiko liondolewe. Anayeingia kumwokoa asikae ndani, kwani naye huweza kuanguka.

Mgonjwa apelekwe hospitali yenye oksijeni, hata akisema amepata nafuu. Katika hewa ya kawaida, sumu hupungua kwa nusu baada ya saa nne hadi sita hivi. Kwa oksijeni safi, huchukua takriban saa moja hadi moja na nusu. Mhudumu wa afya aelezwe wazi kwamba jiko la makaa lilikuwa ndani, kwa sababu kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni huweza kuonyesha kiwango cha kawaida ilhali damu imejaa sumu.