Jina Limebaki Kwenye Kura

Nyanya yangu tunamwita Dani, kama Wajaluo wengi wanavyoita nyanya zao. Nilikuwa na miaka 22 nilipogundua kwamba Dholuo si lugha aliyozaliwa nayo.

Nilikuwa nimeacha chuo, sina kazi, basi nyumbani Migori nikaambiwa nimsindikize matangani Mfangano. Tulipanda boti Mbita. Tuliposhuka, mzee mmoja akamsalimu kwa lugha nisiyoijua. Dani akajibu mbio mbio, akicheka kama msichana. Mimi nikasimama na mabegi kama mgeni.

Ilikuwa Olusuba. Ni lugha ya Kibantu, ndugu ya Kisii na Kikuria, tena binamu ya Kiswahili hiki ninachoandika. Wazee husimulia kwamba Abasuba walikuja kwa mitumbwi kutoka upande wa Buganda katika karne ya 18, wakikimbia vita vya ufalme. Wakatawanyika Mfangano, Rusinga, Gwasi, hadi Muhuru kule Migori, na kila upande ukawa na matamshi yake.

Hakuna aliyewapiga marufuku. Walizungukwa na Wajaluo, wakafanya biashara nao, wakaoa kwao, na watoto wakafuata ulimi wa mama. Kisha dini ikaja: Waadventista walifika Gendia mwaka 1906, na shule za misheni zikafundisha kwa Dholuo. Rusinga, iliyo pua na mdomo na Mbita, ilipoteza lugha mapema. Mfangano, ambako lazima uvuke maji, ikaishikilia zaidi. Ndiyo maana Tom Mboya, aliyezikwa Rusinga mwaka 1969, Kenya nzima ilimjua kama Mjaluo, ilhali watu wake ni Abasuba.

Siku hizi tunapiga kura Suba Kaskazini na Suba Kusini. Jina liko kwenye karatasi, lakini lugha yenyewe wengi wetu hatuna.

Tukirudi, nilimuuliza Dani kwa nini hakumfundisha mama. Hakukasirika. "Angeongea na nani Migori?"

Sikuwa na jibu. Nikamwomba anifundishe kuhesabu. Tulipokaribia Mbita nilikuwa nimefika tano, na watu wawili kwenye boti walikuwa wananirekebisha, kila mmoja kwa matamshi ya kwao. Wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe, na Dani akaingilia kati.

Sijawahi kufurahia kukosolewa hivyo.