Ubeti Uliokatwa Vipande

Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili ya usanifu wa vyombo vya habari, tulishinda kwenye mambo ya nafasi: pambizo iwe na upana gani, mstari uishie wapi. Wenzangu wa fasihi wakinitania, ati nasomea urembo wa karatasi. Haya, wasomaji, hebu tuutazame utenzi.

Bwana Mwengo alipotunga Utenzi wa Tambuka huko Pate mwaka 1728, hati ilikuwa ya Kiarabu. Katika miswada mingi ya pwani, vipande vinne vya ubeti, kila kimoja mizani 8, vilipangwa mstari mmoja na kutenganishwa kwa vialama vidogo. Hati hiyo husomwa kutoka kulia. Basi kina cha bahari kiliangukia ukingo wa kushoto, ubeti baada ya ubeti, jicho likishuka nacho kama linalofuata uzi. Matoleo mengi ya karne ya 20, kwa hati za Kilatini, yaliukata ubeti uleule mistari minne mifupi. Bahari ikabaki imefichwa chini ya vina vitatu vya ndani. Sikio halikupoteza kitu. Jicho lilipoteza.

Sasa basi, mhakiki anayesifu "mistari minne" ya utenzi anamsifu nani, mtunzi au mpiga chapa? Swali hilo sikulisikia kwenye darasa la ushairi. Nililikuta karakanani, rula mkononi. Wala simlaumu mpiga chapa: kitabu kidogo cha shule hakibebi kirahisi mizani 32 kwenye mstari mmoja.