Ardhi Moja, Wenyewe Wawili: Historia ya Kuhamisha Hati za Mailo

Mpita njia katika vitongoji vya Kampala hukutana mara kwa mara na maneno yaliyoandikwa kwa rangi ukutani: "Nyumba hii haiuzwi." Mgeni hushangaa. Kwa desturi mtu hutangaza kile anachouza. Mbona hapa watu hutangaza wasichouza? Jibu ni kwamba mwandishi wa maneno hayo ana hofu. Anajua kuwa umiliki waweza kuhamishwa kwa kalamu, ofisini, ilhali yeye amelala salama ndani ya nyumba yake. Ili tuielewe hofu hiyo, yatupasa kurudi nyuma hadi mwaka 1900.

Kabla ya mwaka huo, ardhi ya Buganda haikuwa bidhaa ya sokoni. Kabaka aliitwa Ssaabataka, yaani mkuu wa wenye ardhi wote. Machifu walishika maeneo kwa sababu ya vyeo vyao, na cheo kilipoondoka, eneo nalo liliondoka. Wazee wa koo, walioitwa bataka, walitunza ardhi yenye makaburi ya wahenga wao. Mtu wa kawaida alipewa mahali pa kujenga na kupanda migomba, naye akatoa utumishi na sehemu ya mazao. Hapakuwa na hati ya kumkabidhi mwingine, kwa kuwa hapakuwa na hati yoyote.

Tarehe 10 Machi 1900, Mkataba wa Buganda ulitiwa saini huko Mengo. Upande wa Waingereza uliongozwa na Sir Harry Johnston. Kabaka Daudi Chwa alikuwa bado mtoto mdogo, hivyo mamlaka yalikuwa mikononi mwa watawala wasaidizi watatu: Apolo Kagwa, Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kisingiri. Mkataba ulikadiria kuwa Buganda ilikuwa na maili za mraba 19,600. Kabaka alitengewa 350. Machifu na wamiliki binafsi 1,000 walitengewa jumla ya 8,000, yaani wastani wa maili 8 kwa kila mmoja, ambazo ni sawa na ekari 5,120. Serikali ya Uingereza ilijichukulia misitu ya maili 1,500 na maili nyingine 9,000 zilizoelezwa kuwa pori na ardhi isiyolimwa.

Hapo ndipo lilipozaliwa neno mailo. Mwanafunzi wa Kiswahili atalitambua upesi, kwa maana ni ndugu wa neno letu maili. Yote mawili yametokana na Kiingereza. Kipimo cha urefu kikageuka kuwa jina la aina ya umiliki.

Tatizo moja halikutajwa waziwazi katika hesabu hizo. Maili zile hazikuwa tupu. Wakulima walikuwa wakiishi humo, kila mmoja katika kibanja chake. Neno hilo la Kiganda linakaribiana kwa sauti na kiwanja, lakini tusiyachanganye. Kiwanja ni kipande cha ardhi tu, bali kibanja ni kipande pamoja na haki ya mtu kukaa na kulima humo, juu ya ardhi ambayo hati yake ina jina la mwingine. Kwa kalamu moja, jirani na chifu wakawa mpangaji na mwenye ardhi.

Mara hati zilipopatikana, mauzo yalianza. Sheria ya Ardhi ya Buganda ya mwaka 1908 ilimruhusu mwenye mailo kuuza, kutoa zawadi au kurithisha kwa wosia, lakini hakuruhusiwa kumhamishia mtu asiye mwenyeji bila idhini ya Gavana na ya Lukiiko, baraza la Buganda. Upimaji, hata hivyo, ulikwenda polepole na ulichukua zaidi ya miaka 30. Wengi walishika vyeti vya muda kwanza, wakingoja vya mwisho baada ya kupimiwa. Katika kipindi hicho, mtu aliweza kuuza maili ambazo mipaka yake haijawekewa hata jiwe moja.

Walioumia wa kwanza kusikika walikuwa bataka. Katika miaka ya 1920 walimlalamikia Kabaka Daudi Chwa kwamba makaburi ya koo zao yameangukia katika hati za watu wa koo nyingine. Mwenye hati mpya aliweza kumuuzia mtu wa tatu, na mtu huyo akawa hajui wala hajali nani amezikwa pale. Malalamiko yalisikilizwa, tume ikaundwa mwaka 1924, lakini mgawanyo wa 1900 haukufutwa.

Wakati huohuo serikali ilikuwa ikiimarisha daftari. Sheria ya Usajili wa Hati ya mwaka 1922 ilifuata mfumo ambao Robert Torrens aliuanzisha Australia Kusini mwaka 1858. Msingi wake ni huu: aliyeandikwa katika daftari la serikali ndiye mwenyewe, na makubaliano ya uuzaji hayahamishi umiliki mpaka msajili ayaandike. Mfumo huo unampa mnunuzi utulivu mkubwa, kwani halazimiki kuchunguza hati za vizazi vitano vilivyotangulia. Lakini mkulima wa kibanja hakuwa na ukurasa wake katika daftari hilo. Shahidi wake alikuwa jirani, mti wa mpakani na kumbukumbu ya wazee.

Pamba ilipoleta fedha, wenye ardhi wengi walidai sehemu kubwa zaidi ya mavuno. Ndipo ikatungwa Sheria ya Busuulu na Envujjo, iliyoanza kutumika mwaka 1928. Busuulu, yaani kodi ya kibanja, iliwekwa kuwa shilingi 10 kwa mwaka. Envujjo, tozo juu ya mazao, nayo ikawekewa kikomo. La muhimu zaidi, mkulima hakuweza tena kufukuzwa bila amri ya mahakama, na warithi wake waliweza kuendelea kukaa. Kuanzia hapo, hati ya mailo ilipohama, mnunuzi alinunua ardhi pamoja na watu wake.

Vibanja navyo vilikuwa na namna yake ya kuhama. Mnunuzi alipelekwa kwa mwenye ardhi, akatambulishwa, akatoa kanzu. Naam, kanzu hii hii tunayoivaa! Vazi hilo lilikuwa ishara ya kwamba mwenye ardhi amemkubali mpangaji mpya. Siku hizi kanzu hutolewa kwa fedha taslimu, ila jina limebaki.

Mwaka 1975 serikali ya Idi Amin ilitoa amri ya kuifanya ardhi yote kuwa mali ya umma na kuigeuza mailo kuwa ukodishaji wa muda maalumu. Amri hiyo hiyo iliifuta sheria ya 1928, na hivyo ikawaondolea wakulima ngao yao. Utekelezaji wake ulikuwa hafifu, lakini mkanganyiko uliendelea kwa miaka 20. Katiba ya mwaka 1995 ilitamka kwamba ardhi ni mali ya raia wa Uganda na ikairudisha mailo miongoni mwa aina nne za umiliki, pamoja na umiliki wa kimila, umiliki huru na ukodishaji. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 ikamlinda pia aliyekalia ardhi kwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba hiyo bila kupingwa na mwenye hati. Marekebisho ya 2010 yakasisitiza kuwa mkaaji halali hafukuzwi isipokuwa kwa amri ya mahakama, baada ya kushindwa kulipa kodi ya mwaka.

Sheria inasemaje leo juu ya kuhamisha? Mwenye mailo akitaka kuuza, hana budi kumpa mkaaji wa kibanja nafasi ya kwanza ya kununua. Mkaaji naye akitaka kuuza kibanja, ampe nafasi hiyo mwenye mailo. Asipofanya hivyo, mauzo ni batili na haki yake yaweza kupotea. Ardhi ambayo familia inaishi au inategemea haiuzwi bila ridhaa ya mume au mke. Mnunuzi hulipa ushuru wa stempu, asilimia 1.5 ya thamani, kisha jina lake huandikwa katika daftari. Lakini haki za wakaaji halali hazibadiliki kwa sababu jina limebadilika.

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Historia ya mailo yathibitisha methali hiyo, na pia inatuonyesha upungufu wake. Mnunuzi anayekagua daftari peke yake atakuta jina moja. Akifika shambani, huenda akakuta kaya nyingi. Basi akague daftari, kisha atembee kwa miguu, awaulize wakaaji na mwenyekiti wa kijiji. Mkaaji wa kibanja naye asitegemee rangi ya ukutani. Atunze stakabadhi za busuulu, aandike makubaliano mbele ya mashahidi, na aidai nafasi yake ya kwanza.

Msamiati
Hati miliki: cheti kinachothibitisha mmiliki wa ardhi.
Mkaaji halali: anayeishi juu ya ardhi kwa haki inayotambuliwa na sheria.
Ridhaa: kukubali kwa hiari.
Batili: isiyo na nguvu kisheria.
Stakabadhi: karatasi ya kuthibitisha malipo.

Maswali ya kujadili
1. Kwa nini usajili wa mwaka 1922 ulimfaa mnunuzi kuliko mkulima?
2. Je, ni haki mwenye mailo kuzuiwa kuuza kwa amtakaye? Toa hoja za pande mbili.
3. Waulize wazee wa nyumbani kwenu jinsi familia ilivyopata ardhi mnayoishi, kisha uandike aya mbili kwa Kiswahili.