Mzigo Mnaupeleka Wapi?

Chuma cha kwanza nilichonyanyua kwetu Ifakara hakikuwa chuma. Kilikuwa makopo mawili ya rangi yaliyojazwa zege, katikati bomba la maji. Tulikuwa vijana sita chini ya mwembe wa mjomba, kila mmoja akitaka kuwa mtu wa miraba minne. Tuliyemwiga alikuwa ukutani kwenye banda la video: Arnold Schwarzenegger, mikono kama magogo, silaha tele mwilini. Mjomba alitutazama kutoka kwenye kigoda chake. Siku moja akauliza, "Wajomba, huo mzigo mnaupeleka wapi?"

Tulicheka. Miaka mingi ilipita kabla sijatambua kwamba lilikuwa swali la historia.

Mjomba alikuwa kibarua wa ujenzi wa TAZARA. Kazi ilizinduliwa Oktoba 1970, na reli ikaingia bondeni kwetu kupitia Kidatu, Mang'ula na Ifakara hadi Mlimba. Kutoka hapo ilianza kupanda kwenda Makambako, kipande kigumu kuliko vyote, chenye mahandaki na madaraja yanayofuatana. Safari nzima, Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ni kilomita 1,860. Mashine zilikuwepo, lakini kazi nyingi ilikuwa ya mikono, mikono ya makumi ya maelfu ya Wachina, Watanzania na Wazambia. Mataruma yake ni ya zege. Kwa hiyo mjomba naye alinyanyua zege, kabla yetu.

Sasa tazama kalenda. Mwaka huohuo wa 1970, Schwarzenegger alitwaa taji la Mr. Olympia kwa mara ya kwanza, asiliachie hadi 1975. Reli nayo ilikamilika 1975, ikakabidhiwa rasmi Julai 1976. Shindano lile la 1975 lilifanyika Pretoria, na filamu ya Pumping Iron ya mwaka 1977 ndiyo iliyolitangaza duniani na kuufanya utunishaji misuli kuwa burudani ya watu wote.

Pretoria ilikuwa makao makuu ya serikali ya ubaguzi wa rangi. Na reli yetu ilijengwa kwa sababu ya serikali za namna hiyo. Zambia haina bahari, na shaba yake ilitegemea kupita kwa walowezi wa Rhodesia, ambao mwaka 1965 walijitangazia uhuru wao wenyewe. Januari 1973 Ian Smith aliufunga mpaka. Basi wakati misuli inapigiwa makofi jukwaani Pretoria, huku bondeni misuli mingine ilikuwa imeshatandika njia ya kumtoa jirani katika utegemezi ule. Ya kwanza ina mabango na filamu. Ya pili tuliikuta kwenye kigoda, tukaipa mgongo.

Siwalaumu wenzangu. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi 1994. Baada ya Rais Mwinyi kuingia madarakani 1985 na biashara kufunguliwa, deki za video zilienea, na filamu za Rambo na Commando zikaja nazo. Baadaye watafsiri kama Lufufu wa Dar es Salaam walizitia maneno ya Kiswahili, hata ukadhani mashujaa wale ni watu wa mtaani kwako. Kabla ya hapo, mwenye nguvu Kilombero alijulikana kwa gunia la mpunga alilobeba hadi mashineni. Hakuna aliyemwambia avue shati. Sasa tukawa na neno jipya, baunsa, na mwili ukawa kitu cha kutazamwa.

Na hilo lina utamu wake. Mtoto wa mkulima anayesimama mbele ya kioo na kuupenda mwili wake, bila bwana shamba wala msimamizi kumhesabia kazi, hafanyi upuuzi. Pengine ndiyo mara ya kwanza nguvu zake ni zake mwenyewe. Laiti ningelimjibu mjomba hivyo.

Amefariki bila kuacha hata picha moja ya ujana wake. Ila kila ninapopanda treni hapo Ifakara, najua mzigo wake aliupeleka wapi, maana napita juu yake. Wetu, nadhani, bado uko chini ya mwembe.