Kiti cha Amana: Uchaguzi wa Mwaka 1965

Leo nataka tuongee juu ya swali moja ambalo ni kongwe kuliko vitabu vyetu vya historia. Mtu akiisha kupewa kiti katika baraza la nchi, akakikalia miaka, akakizoea, ataondolewaje ikiwa wale waliompa hawamtaki tena?

Sisi wa Songea tuna sababu ya kulipima swali hili vema. Mji wetu waitwa kwa jina la Songea Mbano, nduna mkubwa wa Wangoni, ambaye Wadachi walimnyonga mwaka 1906 baada ya Vita vya Maji Maji. Siku zile aliyeshika nchi hakuondolewa ila kwa mkuki na bunduki, na gharama yake walilipa raia, kwanza kwa damu, kisha kwa njaa iliyofuata vita. Lakini miaka 59 baadaye, yaani mwaka 1965, watu wa nchi hii hii waliwaondoa wakubwa kadhaa katika viti vyao kwa karatasi ya kura, na asubuhi yake kila mtu akaenda shambani kwake salama. Habari hiyo yafaa ijulikane.

Kwanza tutazame jinsi desturi hii ilivyo kwingineko. Katika Marekani kila jimbo, liwe kubwa au dogo, lina wajumbe wawili katika baraza liitwalo Seneti, na kila mmoja hukaa miaka sita. Hapo zamani walichaguliwa na mabaraza ya majimbo yao. Tangu mwaka 1913 sheria kuu ya nchi ile imeagiza wachaguliwe na raia wenyewe. Miaka sita ikiisha, seneta atakaye kuendelea hana budi kurudi kwa watu wa jimbo lake kuomba upya. Huko katika baraza huenda akawa mtu mkubwa sana, lakini siku ile husimama mbele ya mkulima na mfua chuma kama mtumishi aletaye hesabu ya mali aliyokabidhiwa. Basi hesabu ya namna hiyo ndiyo iliyotolewa hapa kwetu mwaka 1965.

Ili tuelewe, turudi nyuma kidogo. Katika uchaguzi wa mwaka 1958 na 1959, wakati wa utawala wa Waingereza, si kila mtu mzima aliyeruhusiwa kupiga kura Tanganyika. Ilitakiwa awe na elimu ya kiasi fulani, au kipato kilichowekwa na sheria, au cheo kinachotambuliwa. Tena kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja, na Mwasia mmoja. Kisha ukaja uchaguzi wa Agosti 1960. Viti vilikuwa 71, na chama cha TANU kilipata 70. Kiti kimoja tu, cha Mbulu, kilichukuliwa na Herman Sarwatt, aliyesimama peke yake bila kuteuliwa na chama. Lakini sikilizeni jambo hili: katika viti vile 71, viti 58 havikuwa na mshindani hata mmoja. Wajumbe wake waliingia barazani pasipo mtu kupiga kura. Watu waliipenda TANU kwa kuwa ilileta uhuru. Walakini wengi wao hawakupata nafasi ya kusema ni nani hasa wamtakaye awasemee.

Serikali iliona upungufu huo. Mapema mwaka 1964 Rais Julius Nyerere aliunda tume ya kutazama jinsi nchi yenye chama kimoja itakavyoweza kuwapa raia nafasi ya kuchagua. Mwenyekiti wake alikuwa Rashidi Kawawa, aliyezaliwa mwaka 1926 katika wilaya ya Songea ya siku zile. Matokeo ya kazi hiyo yaliingia katika katiba ya muda ya mwaka 1965.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Wanachama waliotaka ubunge walipigiwa kura kwanza katika mkutano mkuu wa TANU wa wilaya. Majina yakapelekwa kwa Halmashauri Kuu ya Taifa, nayo ikateua wawili karibu kwa kila sehemu ya uchaguzi, na hao wawili wakaletwa mbele ya raia wote. Mmoja alipewa alama ya jembe, wa pili alama ya nyumba, ili hata asiyejua kusoma aweze kumtambua amtakaye. Mikutano iliandaliwa na chama, na wote wawili walisimama jukwaa moja na kusikilizwa na watu wale wale. Hapakuwa na ruhusa ya kutumia kabila, dini wala rangi kuwa hoja. Lugha ya mikutano ilikuwa Kiswahili, ili asije mtu akasema hili kwa Kiswahili na lile kwa lugha ya nyumbani.

Alama zenyewe zilizaa maneno. Mwenye jembe aliweza kuwauliza watu watakula nini pasipo jembe; mwenye nyumba naye aliweza kuuliza mkulima atalala wapi jua likitua. Watu walicheka, lakini baada ya kucheka walibaki na kazi ya kupima. Mwaka ule waziri hakupewa alama ya pekee. Aliyekuwa na mshindani, naye alikuwa jembe au nyumba kama mwenzake.

Sasa twende Mwanza, upande wa pili wa nchi, ukingoni mwa ziwa Nyanza. Huko alisimama Paul Bomani, Waziri wa Fedha. Huyu hakuwa mtu wa kuokotwa njiani. Alizaliwa mwaka 1925, na alipokuwa bado kijana aliwaongoza wakulima wa pamba waliokuwa wakilalamika kwamba mizani ya wanunuzi haiwatendei haki. Mwaka 1952 ukaanzishwa umoja wa wakulima wa Jimbo la Ziwa, kisha vyama vidogo vingi vikaunganishwa kuwa chama kikuu cha ushirika cha Victoria, ambacho Bomani alikuwa meneja wake. Kilikuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika vya Waafrika katika bara hili. Baada ya uhuru akakabidhiwa hazina ya nchi.

Ikiwa palikuwa na mtu ambaye mtu wa mbali angalidhani hawezi kushindwa kwao, ndiye huyu. Walakini kura zilipohesabiwa Septemba 1965, Bomani alikuwa ameshindwa. Waziri mwingine mmoja alishindwa pia, pamoja na mawaziri wadogo kadhaa. Wabunge wengi wa zamani hawakurudi.

Kwa nini? Hakuna awezaye kuingia katika moyo wa kila mpiga kura. Lakini twaweza kutazama hali yenyewe. Waziri wa Fedha kazi yake ni kukusanya kodi, na mkusanya kodi hapendwi popote. Ofisi yake iko Dar es Salaam, mbali na shamba la pamba. Na vile vyama vya ushirika vilivyokuwa fahari ya wakulima vilikuwa vimeanza kulalamikiwa na wakulima wenyewe, hata serikali ikaunda kamati ya kuvichunguza mwaka 1966. Mtu akijenga nyumba ikasifiwa, sifa ni yake. Ikianza kuvuja, huitwa yeye vilevile.

Yafaa pia tutazame walioshinda. Amir Jamal, Mtanzania mwenye asili ya Kihindi, alisimama Morogoro dhidi ya Mwafrika, naye akashinda kwa kura nyingi. Derek Bryceson, Mzungu aliyekuwa mkulima, alisimama Dar es Salaam dhidi ya Mwafrika, naye akashinda. Hawa wawili walikuwa mawaziri kama Bomani. Miaka sita tu ilikuwa imepita tangu sheria ya kumlazimisha kila mtu kupiga kura kwa rangi tatu. Sheria ile ilikuwa kana kwamba pasipo kulazimishwa, Mwafrika hatamchagua asiye wa rangi yake. Watu wa Morogoro na wa Dar es Salaam waliijibu. Tena jambo la kustaajabisha ni kwamba Jamal alizaliwa Mwanza, mji ule ule uliomwangusha Bomani, na ndiye aliyepewa Wizara ya Fedha baada yake.

Lakini mwalimu asiyeeleza kasoro hafundishi historia. Uchaguzi ule ulikuwa na mipaka yake. Raia alimchagua mtu, wala hakuweza kuchagua chama kingine. Walioteua wale wawili walikuwa wakubwa wa chama, hivyo mwenye kukataliwa huko hakufika mbele ya watu kamwe. Katika kura ya urais palikuwa na jina moja tu, la ndiyo au la hapana, na Nyerere alipata kura za ndiyo asilimia 96. Zaidi ya hayo, Rais alikuwa na uwezo wa kuteua wabunge wachache mwenyewe, na kwa njia hiyo Bomani alirudi bungeni, akapewa wizara nyingine ya mambo ya uchumi na mipango. Wengine watasema nchi changa isingeweza kumpoteza mtu mwenye ujuzi wake. Wengine watauliza, je, neno la watu wa Mwanza lilisikiwa nusu tu? Mimi naona maneno yote mawili yana uzito, na ni vema vijana wayajadili darasani pasipo kuoneana haya.

Utaratibu ule wa jembe na nyumba uliendelea katika chaguzi zilizofuata, mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 1992, na mwaka 1995 watu wakapiga kura tena kati ya vyama vingi. Lakini somo la mwaka 1965 halikuondoka pamoja na alama zake. Kiti cha baraza ni amana. Mwenye kukikalia aweza kuwa amefanya mema mengi, kama Bomani alivyofanya kwa wakulima wa pamba, na mema hayo yasisahauliwe. Hata hivyo shukrani ni jambo moja, na kukabidhi tena amana ni jambo jingine. Na yule anayekabidhi, hata akiwa mkulima asiyejua kusoma, aulize kwanza: tangu tulipokupa, umekitunzaje?