Zawadi Inayodai Nauli

Kibanda changu kiko Mwigobero, Musoma, pale abiria wanaposhuka kutoka Kinesi. Nimekuwa wakala wa fedha za simu tangu 2010, na kabla ya hapo nilipiga chapa kwenye stationari moja mjini iliyokuwa na kompyuta nne za intaneti. Zawadi nyingi za uongo zilizowahi kufika mji huu zimepita mbele ya meza yangu. Naandika historia yake kwa sababu vijana wanadhani utapeli ulikuja na simu.

Baba yangu mkubwa alilima pamba Majita. Mwaka 1986 alikuwa safarini kwenda Mwanza kununua mabati, akasimama stendi ya Bunda. Kijana mwenye vumbi jekundu hadi kwenye kope akamwamkia kwa Kijita, akafungua kitambaa kilichofungwa mafundo matatu. Ndani kulikuwa na kipande cha njano, ukubwa wa kokwa ya tende. Alisema amekitoa machimboni Buhemba na hataki faida, anataka nauli tu ya kumfikisha kwao. Wapita njia wawili wakasimama. Mmoja akakisugua kwenye jiwe, akaapa ni dhahabu, akaanza kuhesabu pesa zake. Baba mkubwa akaona atapikuliwa, akawahi. Kilikuwa shaba, na wale wapita njia walikuwa wenzake yule kijana. Nyumba ya baba mkubwa ikabaki na nyasi miaka mingine sita.

Watu walimcheka, nami sikuwahi kuona cha kuchekesha. Buhemba ilikuwa na dhahabu kweli, ilichimbwa tangu enzi za mkoloni, na hakuna mtu wa Mara asiyejua. Tapeli hajengi uongo wake hewani. Huomba chumba ndani ya nyumba ya ukweli, akapanga humo.

Nyumba iliyofuata ilikuwa Green Card. Bahati nasibu hiyo ya viza ni ya serikali ya Marekani, na tangu mwishoni mwa 2003 watu walijaza fomu kwa intaneti. Kujaza kulikuwa bure. Sisi wa stationari tulilipwa kwa picha na muda wa kompyuta. Waliochaguliwa miaka ile walipata barua ya posta kutoka Kentucky, na ada ya viza ililipwa ubalozini. Hayo nimeyajua baadaye. Wakati ule mwalimu mmoja kutoka upande wa Butiama alikuja akafungua barua pepe yake mezani kwangu: ameshinda, yeye na mkewe, atume dola 800 kwa Western Union kwa jina la mtu aliyeko London. Juu kulikuwa na tai wa Marekani. Niliichapa barua ile kwa karatasi nzito, nikampa mkono wa pongezi. Akauza ng'ombe. Kila nikikumbuka ule mkono, roho inaniuma.

Upatu nao ukapangishwa. Akina mama wa nchi hii wamechezeana upatu vizazi na vizazi, wanajuana, zamu inajulikana. Taasisi iliyoitwa DECI iliichukua desturi hiyo na kuivika lugha ya kanisani: unapanda mbegu, unavuna. Hapakuwa na shamba. Mavuno ya aliyetangulia yalikuwa mbegu ya aliyemfuata. Serikali iliisimamisha 2009, na 2013 Mahakama ya Kisutu ikawatia hatiani viongozi wake.

Kisha zikaja fedha za simu: M-Pesa iliingia Tanzania 2008. Kampuni za simu zilikuwa na promosheni za kweli, watu wakishinda magari na kuonyeshwa kwenye televisheni, kwa hiyo meseji ya "Hongera, namba yako imeshinda milioni 10" ilikuta mlango uko wazi. Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa, nami nilidhani tumepona. Lakini kwenye miavuli ya mitaani wapo wasajili waliowaambia watu, "Haijasoma mama, weka kidole tena," na kidole cha pili kikazaa laini nyingine ya kuuzwa. Ndiyo maana kila anayekaa kwenye benchi langu namwambia apige *106# aone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake.

Mwaka jana mzee mmoja alishuka kutoka Kinesi akaja dirishani na simu sikioni. Alinipa 180,000, noti nyingine zikinuka dagaa. "Niwekee," alisema kwa sauti ya chini. Nilikuwa nimeanza kuandika namba niliposikia simu yake ikisema, "Shikamoo tena baba. Usikate. Na huyo wakala usimwambie, wana wivu hao."

Mikono ikasimama. Najua kinachofuata. Mzee angeambiwa afungue menyu, achague moja, ambayo ni kutuma pesa. Angeandika "namba ya ushindi", yaani simu ya tapeli. Kisha "namba ya bahati", 178500, ambayo ni kiasi. Mwisho namba ya siri. Jina la mpokeaji likitokea, ataambiwa ndiye mhasibu wa kampuni. Mtu anaamini anapokea, kumbe anatuma kwa kidole chake mwenyewe.

"Baba, naomba hiyo simu kidogo."

Akasita, akanipa.

"Mwanangu, unapiga kutoka wapi?"

"Makao makuu, mama."

"Makao makuu hupiga kwa 100. Wewe namba yako ni kama yangu."

Akanitukana tusi ambalo siwezi kuliandika, kwa mdomo uleule uliotoka kumwamkia mzee shikamoo. Niliituma namba yake 15040 ili TCRA, mamlaka ya mawasiliano, waishughulikie.

Siku hizi zinakuja linki za WhatsApp: kampuni fulani inatimiza miaka kadhaa, jibu maswali manne, fungua sanduku, umeshinda, sasa sambaza kwa watu 20. Nikiwa shule tulipokea barua za mnyororo zenye jina la mtakatifu, nakili mara 20 upate baraka. Ni barua ileile, imepata magurudumu tu. Kurasa bandia za mikopo ya mfanyabiashara Mo Dewji nazo, ingawa mwenyewe amezikana mara nyingi, hudai ada ya fomu kwanza. Baba yangu mkubwa angeitambua ada ile. Ni nauli.

Mzee wa Kinesi nilimrudishia pesa zake zote. Alikaa kwenye benchi muda mrefu.

"Kwa hiyo hizo milioni kumi hazipo?"

"Hazipo, baba."

Akaitazama simu yake, imezima kwa kukosa chaji. Akaniomba yangu ampigie mkewe haraka, asimuuze yule mbuzi.